Mbao haijafa: maneno machache kwa wanaoanza useremala wa uani

Nimevumilia nimeshindwa. Jumamosi nilipita kwa kijana mmoja hapa mtaani kwetu Tabata, nikamkuta amepiga magoti mbele ya meza ya kahawa anayomtengenezea mkewe. Meza nzuri, mbao pana, msasa umepita sawasawa. Ameizungushia fremu pande zote nne, kona za nyuzi 45, gundi imetokeza kila mahali, na hapo alikuwa anaongeza skrubu kwa chini "iwe imara zaidi". Nikamuuliza mbao kanunua lini. Akasema, "Juzi, mzee, ila jamaa kaniambia ni kavu." Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa nayaandika, maana nimechoka kuyasema nikiwa nimesimama juani. Wengine wenu ni wanangu, wengine wadogo zangu, na wawili watatu ni wakubwa zangu kazini, maana useremala wa wikiendi siku hizi umewaingia hata watu wa ofisini. Mimi mwenyewe ni mhasibu. Anayetaka kujifunza kwa utaratibu aende chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, au akakae Keko atazame mikono ya mafundi bila kuwasumbua kwa maswali ya bei. Ninachowapa hapa ni cha mtu aliyeharibu mbao nyingi kwa pesa yake mwenyewe, halafu akawagawia ndugu ambao walikuwa na adabu mno kusema.

1. "Kavu hiyo, bosi." Sijawahi kukutana na muuza mbao aliyeniambia hii mbichi, irudie mwezi ujao. Simlaumu, ana watoto. Lakini kavu ya kenchi si kavu ya meza. Mbao ikipinda juu ya dari nani ataiona? Yako itapinda sebuleni, wageni wakiwepo.

Kupapasa kwa kiganja hakusaidii, kwa sababu uso wa mbao hukauka kwanza na ndani bado maji yamejaa. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, usikate nchani, maana ncha nayo hutangulia kukauka. Kipime kwenye mizani ya jikoni. Kitie kwenye oveni, joto lizidi nyuzi 100 kidogo tu, ukitoe na kukipima tena na tena mpaka uzito ugome kushuka. Kama kiliingia na gramu 120 kikatoka na 100, basi maji yalikuwa asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu, na hiyo mbao bado haijawa tayari. Ikizidi 30, huo bado ni mti. Kwa hali ya hewa yetu, mbao iliyokaa kivulini inatulia kwenye asilimia kumi na kitu, na kwenye chumba cha AC inashuka zaidi. Oveni iombeeni ruhusa. Kwangu keki ya siku ya kuzaliwa ilitoka na harufu ya mninga, na kesi hiyo hufufuliwa kila mwaka.

Kama huna oveni, panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao upepo upite, weka mawe juu, paka ncha rangi yoyote iliyobaki ili zisikauke haraka zikapasuka. Pima uzito wa ubao mmoja kila wiki na uandike kwa penseli juu yake. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Najua mnataka kuanza leo.

2. Anza na paini. Za Sao Hill zimejaa mjini, zinakubali randa, na ukiharibu unalia kidogo. Mninga uusubiri mpaka mikono itulie, na mpingo waachieni wachonga vinyago wa Mwenge.

3. Mbao hucheza kwa upana, si kwa urefu. Hapa mwili wangu husisimka, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na ndoa changa. Mama mkwe alikuwa anakaa Magomeni, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Siku moja nikamsikia akisema meza yake ya chakula imechoka. Kusema kweli hakuwa anazungumza na mimi. Lakini nilikuwa nimenunua randa, na mtu mwenye randa mpya husikia oda katika kila sentensi.

Ilikuwa masika. Nikaenda Buguruni nikiruka madimbwi, nikapata muuzaji mwenye maneno ya asali ambaye alikuwa na "mninga wa bei ya ndugu". Mbao nzito, nyekundu, zimenyooka. Nikalipa haraka kabla hajabadili mawazo. Ule haukuwa mninga, ulikuwa mkaratusi. Leo ningejua kabla ya kushuka kwenye daladala: mninga ukiupitishia randa unatoa harufu yake, una michirizi ya kahawia na nyekundu isiyofanana, na hauvunji mgongo kwa uzito. Tena mninga ni mpole, ukikauka hausumbui sana. Mkaratusi ni mti mzuri kwa nguzo, lakini unapokauka husinyaa kweli kweli, hupinda na kupasuka. Mimi nilijua tu kwamba nimepata mninga kwa nusu ya bei, nikajiona mjanja kuliko Keko nzima.

Nikaunga mbao ubavu kwa ubavu mpaka nikapata upana wa sentimita 90. Nikazungusha fremu pande nne, kona za nyuzi 45, na zilikaa hivi kwamba karatasi haipiti. Nilimwita jirani aje aangalie kona tu, hakuitwa kuangalia meza. Kisha nikalala chini nikapiga skrubu kutoka kwenye fremu ya miguu kwenda juu, moja kila baada ya kiganja, na penye wasiwasi nikaongeza gundi. Ilipoisha niliipanda nikarukaruka juu yake. Haikutoa hata mlio. Idi ilikuwa inakaribia, nikaipeleka kwa pikapu ya kukodi vanishi ikiwa bado inanata kidogo.

Siku ya Idi ile meza ilibeba masinia ya pilau na haikutikisika. Mama mkwe akanitambulisha kwa majirani: "Huyu ndiye fundi wetu." Nilikula kuliko nilivyopaswa.

Mvua zikakata, kipupwe kikaingia na upepo wake mkavu. Haya yanayofuata nilisimuliwa baadaye. Usiku wa manane ukatoka mlio mmoja ukumbini, paa! Shemeji akatoka na rungu akidhani mwizi. Hakuona mtu. Jirani mmoja, wa wale wenye majibu ya kila kitu, akasema hayo si ya kupuuza, asubuhi ukafukizwa ubani nyumba nzima. Siku ya kudeki ndipo walipouona ufa, umenyooka kutoka kichwani mwa meza hadi miguuni.

Hakuna aliyeniambia. Mama mkwe alinunua kitambaa cha meza, kizito, cha maua. Mimi kila nikienda nakikuta kile kitambaa, nafikiri anaitunza kazi yangu isichubuke. Nikawa nakisifia. Kila mara. Nadhani niliwahi kuuliza kimenunuliwa duka gani.

Aliyenitoa gizani ni mtoto wa shemeji, kile kiumri cha kusema kila kitu. "Mjomba, meza yako inakula hela." Akafunua kitambaa, akachukua sarafu ya shilingi mia, akaidumbukiza kwenye ufa, ikaanguka sakafuni, akaifuata chini ya uvungu wa meza, akarudi, akaidumbukiza tena. Ndio mchezo wake ulivyokuwa. Watu wazima wote mle ndani ghafla wakapata kitu cha kutazama dirishani. Mama mkwe akasema, "Ni ufa mdogo tu, baba."

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Mbao ikipoteza maji husinyaa kwa upana, na kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Upana wa sentimita 90 ukisinyaa asilimia 3 tu, hizo ni sentimita 2.7 ambazo lazima zitoke mahali. Ile mbao ya fremu iliyolala kukatiza upana inahesabu urefu wake, kwa hiyo imesimama pale pale. Skrubu zimeshika, gundi imeshika, hakuna anayemwachia mwenzake. Pale palipokuwa dhaifu pakaachia. Kadiri nilivyoifunga ndivyo nilivyoipasua.

Kama ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini mimi nikaitengeneza siku ile ile. Nikachanganya gundi na vumbi la msumeno, nikashindilia ufa mzima, nikapiga msasa, nikapiga vanishi, ikawa kama haijawahi kupasuka. Nikawaambia kitambaa sasa mnaweza kutoa. Nikaondoka kifua mbele.

Vuli ikaja. Mbao ikanywa unyevu, ikataka kurudi kwenye upana wake, ikakuta nafasi yake nimeijaza zege. Basi ikasukuma nje. Zile kona zangu za nyuzi 45, ambazo jirani aliitwa kuziangalia, zikafunguka moja baada ya nyingine. Uso ukabinuka, mguu mmoja ukawa hewani. Siku ya hitima ya mzee mmoja wa ukoo, watu wamejaa, bakuli la mchuzi wa samaki likaondoka lenyewe taratibu likashukia mapajani mwa shemeji. Kanzu nyeupe, ya siku ile.

Nikaichukua meza, nikaipeleka Keko kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Hakucheka. Aliigeuza miguu juu, akaanza kuzihesabu skrubu kwa sauti, polepole, wanafunzi wake wamesimama wanasikiliza. Alipomaliza akaniangalia. "Ulikuwa unaogopa itatoroka?"

Alichofanya ndicho ninachotaka mkifanye. Aliivunja fremu yote. Akapasua mbao kwa msumeno kufuata ufa, akaranda kingo zikanyooka, akaunga upya kwa gundi peke yake, maana ubavu kwa ubavu zote zinasinyaa na kuvimba pamoja. Zile skrubu akazitupa kwenye kopo. Badala yake akachonga vibao vidogo vyenye ulimi. Ulimi unaingia kwenye mfereji aliouchimba ndani ya fremu ya miguu, na skrubu inakishika kibao kwenye uso wa meza tu, kwa hiyo uso unaweza kuteleza huku na huku bila kunyanyuka. Kwenye ncha mbili, ambako nilitaka kwa ubishi ubao wa kufunika, aliniwekea, lakini gundi aliipaka katikati peke yake, na matundu ya skrubu za pembeni akayatanua yawe marefu ili skrubu ipate njia ya kutembea. Meza ikawa nyembamba kidogo kuliko ilivyozaliwa. Imepita kipupwe na masika tangu hapo bila neno. Kitambaa cha maua bado kipo juu yake, na mimi siulizi.

Mkitumia pleiwudi au MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), zungusheni fremu pande nne mpaka mchoke, hizo hazina tabia hiyo. Mbao ya mti ndiyo inayotaka nafasi. Droo nayo iacheni ipwaye kidogo mnapoitengeneza wakati wa kipupwe, la sivyo Aprili mtaivuta kwa miguu. Na tafadhali, ufa wa msimu msiujaze.

4. Mbao zenye ukijani si za jikoni. Hili halina utani. Zile zilizobaki kwenye kenchi, zenye rangi ya kijani kilichofifia, zimetiwa dawa ya mchwa, na dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Kuna kijana alimtengenezea mama yake mbuzi ya kukunia nazi kwa vipande hivyo. Kazi safi, kiti kimelala vizuri, meno ya chuma kayafuata mtaa wa Gerezani. Mama akaifurahia. Nilipoiona niliitaka niiazime, nikamtengenezea nyingine ya mwembe, ile ya kwanza sikuirudisha. Kijana mwenyewe amejua sasa hivi anaposoma hapa, na anisamehe. Kibao cha kukatia, mwiko, kitanda cha mtoto, kiti ambacho mtoto atakitafuna: hakuna ya dawa. Wala vipande vyake msiwape mama ntilie wachochee moto, maana aseniki haiungui ikaisha, inabaki kwenye moshi na majivu.

5. Pimeni watu na nyumba, si picha ya kwenye simu. Meza ya kulia sentimita 75, kiti 45, hapo magoti yanapita na mtu anakula bila kuinama. Lakini kigoda cha bibi mwenye magoti mabovu si cha vipimo vya picha. Mkalishe kwenye ndoo, ongeza matofali au punguza, mpaka ainuke bila kushika ukuta, hapo ndipo upime.

Vitanda ndiko mnakonitisha. Godoro la nne kwa sita lipime lenyewe kwa futi, usiamini lililoandikwa, halafu uongeze nafasi ya mkono wa kuchomeka shuka na chandarua. Na dabo deka! Ndugu yangu mmoja aliwatengenezea wanawe dabo deka ya mtiki, kitu cha kuoa nacho. Ameisimamisha, kila mtu anapiga makofi, mtoto wa kwanza kapanda juu, kakaa, kainua mikono kushangilia. Mama yake akaiwahi swichi. Pangaboi lilikuwa limewekwa katikati ya chumba na chumba ni kidogo. Hakuna kona ya kitanda ambayo haikuwa chini yake. Mtoto hakuguswa, alhamdulillah. Pangaboi likashushwa, ikanunuliwa feni ya ukutani, na mpaka leo ndugu yangu anasema feni ndiyo iliyokuwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya kukata hata ubao mmoja, ingia chumbani, angalia juu. Kingo ya kitanda cha juu ipande juu ya godoro si chini ya sentimita 13, ukipima godoro likiwa limeshawekwa. Mtoto ambaye hajafika miaka sita alale chini, alie asilie. Na kitanda cha mtoto mchanga, nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kwa sababu mwili ukipita kichwa hukwama.

6. Ya haraka haraka, maana najua mmeanza kuruka mistari. Mbao ngumu itoboe kwanza kwa drili kabla ya skrubu. Kata ukiwa umeacha mstari wa penseli, ondoa mstari kwa randa. Skwea mpya, kile kipimo cha pembe mraba, ihakiki kwa kuigeuza upande wa pili kabla hujaiamini. Huna klampu ndefu, kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe utepe, zungushia na uvute, unabana kuliko unavyodhani. Gundi iliyotokeza ifute na kitambaa kibichi sasa hivi, ikikauka vanishi itaionyesha doa kwa wote. Walio Kigamboni na Mbezi Beach, bawaba na skrubu zenu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, ile chumvi ya hewani haina huruma. Kabati la MDF la jikoni liinueni kwa miguu, maji ya kudeki ndiyo yanayoliua, si vyombo.

7. Yule aliyefunga diski ya msumeno kwenye grainda, anajijua. Iondoe leo. Grainda haikutengenezwa kwa meno ya msumeno: ikikwama kwenye mbao inarushwa kuelekea kwako kabla akili haijasema neno, na diski nyingine zinazouzwa hazina uwezo wa kuhimili mzunguko wake. Usiniambie umeona mtu anafanya kwenye video. Huyo mtu hukumwona wiki iliyofuata.

8. Vumbi. Mnavaa barakoa kwa ajili ya picha kisha mnaishusha kidevuni msasa ukianza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1995. Pua ndiyo inayoumia. Na MDF ni mbaya zaidi kwa sababu unavuta na gundi yake. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, watoto wasichezee maranda ya siku ile, nguo uzivue nje.

9. Vanishi na masika hazipatani. Ukipuliza au kupaka vanishi ya tina hewa ikiwa nzito, uso unaota ukungu mweupe, na wengi wenu mkiuona mnaongeza mkono mwingine wa vanishi juu yake. Subiri saa za mchana jua likiwaka, fanyia kivulini penye upepo, mikono myembamba, msasa laini katikati. Kibao cha kukatia nyama msikipake vanishi kabisa. Nani anataka kula vanishi?

10. Oda za ukoo. Hakuna aliyenionya kuhusu hili. Ukimtengenezea mama stuli moja ikakaa vizuri, kabla ya mwezi kuisha ukoo mzima una maumivu ya kiuno. Shangazi anataka kabati la vyombo la milango minne na kioo, "wewe si unafanya tu kwa kujifurahisha". Mjomba analeta mbao zake mwenyewe, ambazo zimekaa nyuma ya choo tangu Mzee Mwinyi akiwa Ikulu na mchwa wameshajigawia viwanja humo. Mimi utaratibu wangu ni huu: ndugu ananunua mbao, ananunua vanishi, anakuja mwenyewe kushika upande wa pili wakati wa kukata. Wengi hupona kiuno papo hapo. Wanaokuja kweli ndio ninaofurahia kuwafanyia, na wawili kati yao sasa wana randa zao na wanarudia makosa yale yale ya hapo juu, namba tatu hasa.

Mama zenu wazazi wasilipe chochote wala wasishike upande wa pili.

11. Kelele. Mwambie jirani kabla, si baada. Drili inyamaze wakati wa adhana na Jumapili asubuhi, na mtoto mchanga wa nyumba ya pili akilala ulale na wewe. Jirani yangu mmoja alikuwa ananichukia mpaka nilipomtengenezea kibanda cha kuku kwa mabanzi. Sasa akisikia kimya Jumamosi nzima anatuma mtoto kuuliza kama naumwa.

12. Vya kuazima. Patasi ya mtu hairudishwi butu, wala haifunguliwi kopo la rangi. Randa inalazwa ubavu, msiisimamishe juu ya makali yake. Na zile klampu zangu ndefu, za rangi nyekundu, zilizoondoka hapa kwa ajili ya "mlango mmoja tu", huo mlango naambiwa ulishafungwa, ukapakwa rangi, na watu wanaingia na kutoka. Ijumaa jioni nipo nyumbani. Kijana wa meza ya kahawa anazihitaji Jumamosi asubuhi, maana amekubali kuzitoa skrubu zote, na fremu ameshaibomoa. Mke wake bado hajaambiwa kwamba meza itachelewa mpaka mbao zikauke.